Mwaka Zuhura Alipokuwa Ndani

Tumemzika Zuhura juzi huko Bigwa, na tangu nirudi nyumbani sijashika kazi ikaenda. Nachambua mchele, nakuta nimetupa mchele nimebakiza mawe. Binti yangu mkubwa akaniambia, "Mama, kaa uandike, maana ukituhadithia unalia, na ukilia hatukuelewi." Basi nimekaa. Kuandika nilijifunza ukubwani kwa masista, jioni baada ya shamba, moshi wa koroboi ukiniingia puani, kwa hiyo msitafute maneno makubwa hapa. Habari za wazazi wangu, na kwa nini niliteremshwa kutoka Matombo nikiwa mtoto nikakaa kwa Bi Mwajuma, mama yake Zuhura, siziweki hapa. Nataka mwaka mmoja tu, ule wa enzi za Wadachi, hao Wajerumani, tulipokuwa tunakwenda Nyumba ya Vitu mimi na Zuhura, halafu Zuhura akawekwa ndani nikabaki nakwenda peke yangu.

Nyumba ya Vitu ilikuwa banda refu la mawe nyuma ya boma, lenye bati juu na madirisha mapana upande wa mlimani. Mke wa daktari wa Kidachi, tuliyemwita Bibi, aliliomba kwa wakubwa wa boma, akalijaza rafu toka chini mpaka darini. Siku hizi wasomi wanasema makumbusho. Sisi tulisema Nyumba ya Vitu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: vinu, vyungu, vigoda, mikeka, mitego ya panya, pawa za kuchotea mboga, ngoma ambazo hakuna wa kuzipiga. Vitu vile vile tulivyoviacha nyumbani asubuhi, ila hapa vimefutwa vumbi na vimekaa kimya. Siku ya kwanza Zuhura alisimama mlangoni akatazama kote, kisha akaninong'oneza, "Huyu Bibi kabeba jiko la nani?" Nilicheka mpaka nikatolewa nje.

Vingine katika vile vitu vilikuwa vya kufungwa kwenye masanduku, vipelekwe kwao vikatazamwe. Lakini Bibi hakutaka vikae tu vikingoja safari. Kila Jumatano na Jumamosi alasiri aliwaita watoto, wa mjini, wa misheni, na watoto wa askari, akatuweka kwenye mabenchi. Mezani aliweka kitu kimoja. Kiswahili chake alikipata kwa mpishi wake, basi kila neno lilitoka kama anaagiza kuni. "Tazama. Mkono bado." Tulitazama mpaka macho yakatutoka machozi. Akipiga makofi ndipo tuliposhika, huyu udongo wa mtoni, huyu mkaa na karatasi ya kufungia sukari, huyu kisu kidogo na kipande cha mti. Ulitakiwa kutengeneza ulichokiona, si ulichokijua. Ukichonga kigoda chenye miguu mitatu iliyo sawa, na cha mezani kina mguu mmoja mfupi, Bibi anakurudishia. "Uongo huu. Tazama tena."

Nimekaa makanisani, nimekaa kwenye vyumba vya wagonjwa, nimekaa kwenye sherehe za watu wenye uwezo, lakini chumba ninachokiona nikifumba macho ni kile. Harufu ya udongo mbichi, na mpishi akipita na sinia la ndizi za kuchoma na birika la mchaichai, na ugomvi wa nani kapata ndizi iliyoungua. Kengele ya misheni ilipogonga nilisimama kusali Malaika wa Bwana. Zuhura aliulinda udongo wangu kwa tambara bichi. "Sali upesi, unakauka," alikuwa ananiambia, na mimi nilisali upesi, Mungu anisamehe. Ramadhani yeye alipofunga, ndizi yake niliifunga kwenye ncha ya kaniki nikamwekea mpaka magharibi, na kama ilipungua kidogo njiani hakuuliza. Nilimpenda kama unavyompenda mtu anayejua kitu unachotamani kukijua. Mkono wake ulikuwa mwingine. Alifinyanga kuku, mpishi akaja kuinama juu yake akauliza, "Huyu tunamchinja lini?"

Halafu Jumatano moja akawa hayupo. Bi Mwajuma aliniambia akiwa anapepeta, bila kuinua uso, "Zuhura amekua. Hatoki tena." Nilikuwa mdogo kuliko yeye na sikuelewa vizuri. Nyinyi wanangu mmelelewa kwenye katekisimu, basi nieleze: kwao msichana akivunja ungo anakuwa mwali. Anakaa chumba cha ndani, halioni jua, haonwi na mwanamume, kungwi wake anaingia kumfundisha mambo ya utu uzima, mpaka siku anapotolewa kwa ngoma. Mimi kwa kuwa nilikuwa bado mtoto niliruhusiwa kumpelekea maji na chakula. Padre wetu alikuwa akisema mambo yale ni giza. Chumba kilikuwa na giza kweli, lakini ndani ya giza lile alikuwamo Zuhura, na mimi niliingia.

Kilikuwa chumba cha kitanda kimoja cha kamba na mkeka, hakina dirisha, mwanga unapita kwenye vitundu pale udongo wa ukuta ulipobanduka. Kilinuka mafuta ya mbarika na moshi. Nikiweka sahani ya ugali na magimbi alikuwa haanzi na chakula. Anaanza, "Leo mezani kaweka nini?" Namwambia. "Mtego wa panya." "Wa kamba au wa ufito?" "Wa ufito." "Ufito umepinda wapi?" Ndipo nilipojua kwamba sijatazama, na Jumamosi nilirudi nikatazama kwa ajili yake. Nilimfichia tonge la udongo kwenye kaniki. Alifinyanga gizani kwa vidole tu, akanipa mkononi, na mimi nikapapasa nikasema, "Ndio huo." Kisha anauponda, anaufanya tonge tena kabla kungwi wake, Bi Hadija, hajaingia.

Mavuno yakapita. Wasichana walioingia ndani nyuma yake wakatolewa, tukasikia ngoma zao, na Zuhura bado yumo. Alianza kukohoa. Ngozi yake ikafifia, na akisimama alishika ukuta. Siku moja aliniambia, "Veronika, nikitoka nitakuwa nimesahau kutembea. Utanifundisha wewe." Alisema kwa mzaha, lakini ukuta hakuuachia. Nilikuwa nasikia watu wazima wakizungumza upande wa pili wa kiambaza, na neno lilikuwa lile lile, mwana hajapatikana. Bi Hadija alikuwa anamuuliza mjomba wake Zuhura, Mjomba Shomari, naye anajibu, "Yuko kwa wazee Mgeta. Nimeshatuma mtu." "Mtu gani huyo, Shomari? Kobe?" "Njia mbaya, Bi Hadija. Mvua." "Mvua tuliyoipata ni ya mwaka jana."

Mwana huyo ni mwana gani mimi sikujua, na kumuuliza mkubwa ilikuwa ni kutafuta kofi. Akili yangu ilikuwa kwenye kazi yangu. Bibi alikuwa ameweka mezani kinyago kidogo cha mti, kirefu kuzidi kiganja changu, hakina mikono, kina vishungi viwili kichwani, kimeiva kwa mafuta mpaka cheusi. Kishungi kimoja kilikuwa kimemeguka ncha. Alisema ni mwanasesere wa watoto wa milimani. Wenzangu walikifinyanga. Mimi nikaomba mti. Nilikichonga wiki kwa wiki, Bibi akinirudishia, "Uongo. Shingo nyembamba," mpaka siku alipokigeuza mkononi asiseme kitu. Nikakipaka masizi na mafuta ya mbarika. Nikaenda kumsimulia Zuhura kwa majivuno makubwa. Nikamweleza vishungi, nikamweleza kifua, nikamweleza ile ncha iliyomeguka, kwamba imemeguka kwa kushoto, kama jino la maziwa lililovunjika.

 Upande wa pili wa kiambaza ungo ulianguka, nikasikia mchele ukimwagika sakafuni. Bi Mwajuma akaingia na mikono mitupu.

"Umesema kwa kushoto?"

"Kwa kushoto, mama."

"Umemwona wapi?"

"Yuko juu ya rafu kwa Bibi."

Alikaa chini pale pale mlangoni. Ndipo nilipoambiwa, mtoto nisiyestahili kuambiwa. Yule si mwanasesere. Ni mwana hiti, mtoto wa mti, wa ukoo wao. Anatunzwa na mjomba, na mwali wa ukoo ule anatoka akiwa amembeba kifuani mwake. Bila yeye mwali hatoki, hata akae miaka. Ile ncha ilimeguka siku Bi Mwajuma mwenyewe alipotolewa, aliyembeba mabegani akajikwaa kwenye kizingiti. Hakuna mwana mwingine duniani mwenye kishungi cha kushoto kilichomeguka hivyo, isipokuwa, na hapo nilisita kusema, yule niliyemchonga mimi.

Mjomba Shomari aliitwa. Alikuja na mwavuli wake mweusi, aliokuwa anatembea nao hata kiangazi, na hakuna aliyewahi kumuuliza aliupata wapi. Bi Hadija aliutazama ule mwavuli, akamtazama yeye. Hakuhitaji kuuliza Bibi alimlipa nini. Mjomba akaegemea ukuta akaanza kujieleza. Alifikiri Zuhura ni mtoto bado. Bibi aliuliza tu, kitu hiki kazi yake nini, akamjibu cha kuchezea, ili asimwambie siri ya wanawake. "Sasa ningemwambiaje mzungu mambo ya kina mama?" "Siri umeitunza, Shomari," Bi Hadija akasema. "Mwana ndiye umemtoa." Bi Mwajuma akamsogelea. Akasema taratibu, "Kaka, mwanangu anaoza humo ndani, na wewe umejifunika mvua."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Tulikwenda watatu, Bi Hadija mbele, Bi Mwajuma, na mimi kwa sababu ndimi niliyezoeana na Bibi. Tulikuwa tunaogopa, maana pale ni boma, na watu walikuwa hawaendi boma kudai. Walikwenda wakiitwa. Njiani nilisali Salamu Maria, na Bi Mwajuma alikuwa anasoma zake kwa Kiarabu midomo ikicheza, tukaenda hivyo hivyo kila mtu na dua yake. Ndani tulikuta sanduku liko wazi katikati ya chumba, majani makavu yametandikwa, na vitu vya rafu ya kwanza vimekwisha lazwa humo. Gari moshi lilikuwa liondoke nalo juma lile. Mwana alikuwa amelazwa juu ya majani, kifudifudi. Bi Mwajuma alimwona akageuza uso.

Nilieleza mimi. Nilieleza vibaya, nikaanzia mwisho. Bibi alinikatiza, "Polepole. Nani mgonjwa?" Nikasema hakuna mgonjwa, ni Zuhura, yule wa kuku. Uso wake ukabadilika. Alikuwa amemuulizia mara nyingi na mimi nilikuwa namjibu ameshikwa na kazi. "Zuhura anatoka lini?"

"Mwana akirudi, Bibi."

"Kama harudi?"

"Hatoki."

Alikaa kwenye benchi letu la watoto, magoti juu. Akasema yule mwana amekwisha andikiwa watu wa kwao, wanamngoja, sanduku si mali yake peke yake. Bi Mwajuma akamwona wangu, yule niliyemchonga, kwenye rafu ya kazi zetu. Alimsogelea, akamshika, na nikaona matumaini yamempanda. "Bi Hadija, si tumchukue huyu? Ni yule yule. Tazama, hata kishungi."

Bi Hadija alimpokea akampeleka dirishani. Alimgeuza, akampima mkononi, kisha akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha upole. "Mtoto wewe, umemchonga mpaka na kilema chake. Nani alikutuma umchonge na jeraha?"

"Bibi alisema nitengeneze ninachokiona."

"Umekiona, kweli umekiona." Akamrudisha mikononi mwa Bi Mwajuma. "Lakini huyu hajaanguka, Mwajuma. Wa kwetu aliumia akiwa kifuani kwako, na kabla yako alibebwa na mama yako. Huyu jeraha lake ni la kuchongwa. Huyu si mwana. Ni picha ya mwana. Zuhura atatoka na picha?"

Wakati ule moyo wangu uliuma, sikatai. Wiki zote zile, na kilichowaharibia ndicho nilichojivunia zaidi. Lakini Bibi alikuwa amesimama. Aliomba maneno ya Bi Hadija yarudiwe, nikamrudia taratibu. Akawachukua wote wawili, wa sandukuni na wa kwangu, akawasimamisha bega kwa bega mezani, pale pale alipokuwa akituwekea vitu vya kutazama. Akatazama kama alivyotufundisha, bila mkono. Kuku wa mpishi walikuwa wanaparua nje, na kulikuwa hakuna sauti nyingine.

"Kwetu," akasema, "watakiweka nyuma ya kioo. Watu watapita, watatazama. Hakuna atakayebeba."

Bi Hadija alifikiri. "Basi wape wa kutazama."

Bibi alicheka kidogo, akamchukua wangu akamlaza kwenye majani, chali, si kifudifudi. Akachukua kikaratasi akaniuliza jina langu lote na kwetu wapi, akaandika kwamba hiki kimechongwa na Veronika wa Matombo kwa kufuata cha zamani. Hakutaka kuwadanganya watu wake. Vitu vingine vyote sandukuni vilikuwa vimeandikwa ni vya kazi gani, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa cha nani. Mwana wa zamani alimpa Bi Mwajuma kwa mikono miwili. Mpishi, aliyeona Kiswahili cha Bibi kikifika mwisho, alimsaidia: "Anasema samahani, aliambiwa cha kuchezea." Bi Mwajuma akamjibu, "Mwambie aliyemwambia hivyo ni wa kwetu."

Mwavuli, Bi Hadija aliurudisha mwenyewe. Bibi alikataa kuupokea, Bi Hadija akauacha mlangoni. Masika yale Mjomba Shomari alipita Bigwa amejifunika jani la mgomba, na wanawake kisimani walikuwa wanamsalimia kwa heshima zote: "Shikamoo mjomba. Mvua ya Mgeta imefika?" Naye alikuwa anaitikia, "Marahaba, marahaba," akiharakisha.

Mambo haya sikuyapeleka kwenye maungamo. Si kwa kuficha. Nimekaa nayo mbele ya Sakramenti mara nyingi nikayatafutia dhambi sikuiona. Binti zangu sikuwacheza ngoma, nimewalea kwa sala, na ningefanya vile vile leo. Lakini rafiki yangu alikuwa amefungiwa, na Mungu aliyenipa macho na mikono alivitumia vyote viwili kumtoa. Padre mmoja mzee, niliyemhadithia siku hizi za Mwingereza tukinywa chai, aliniuliza tu kama Zuhura alipona kikohozi. Alipona.

Alitolewa mwezi ulipoandama. Alibebwa mabegani na mwanamke mwenye nguvu, amefunikwa nguo, na kizingiti walikipita polepole huku Bi Hadija amemshika mbebaji kiuno. Walipomfunua uani nilimwona amefumba macho, jua lilikuwa linamchoma, machozi yanamtiririka, na kifuani amemkumbatia yule mwana mweusi mwenye kishungi kilichomeguka. Mwali hatazami watu wala hasemi mpaka atunzwe. Nilimtunza ushanga wangu wa pekee. Hakunitazama. Midomo yake tu ilicheza upande mmoja, nikajua amejua ni mimi.

Siku ya pili tulikaa nyuma ya nyumba akiwa ameinyoosha mikono juani. "Nimekuwa mweupe kama Bibi," akasema. Nilimshika akatembea mpaka mgombani na kurudi, ananiegemea, anacheka. Kisha akauliza, "Jumatano tunakwenda?" Bi Mwajuma alikuwa jikoni, akajibu kwa upole, "Mwanangu, wewe sasa ni mtu mzima. Benchi lile ni la watoto." Zuhura alinitazama, na mimi nilimtazama, na wala mmoja wetu hakuwa amelifikiria jambo hilo. Katika miezi yote niliyohangaika atoke, nilikuwa naona picha moja tu kichwani, yeye na mimi kwenye lile benchi, tambara bichi katikati yetu. Kutoka kwake ndani ndiko kulikomtoa pale.

 Aliyetafuta njia alikuwa Bi Hadija, ambaye tangu siku ile ya sanduku alikuwa hajaacha kulalamika kwamba vyungu vya kwenye rafu za Bibi vimefinyangwa na watu wasiojua chungu. Alirudi boma mwenyewe, safari hii hakuita mtu wa kumsemea, akamwambia Bibi kwamba wanawake wa Bigwa wanaweza kuja siku yao, bila watoto na bila wanaume, hata mpishi akae nje. Bibi akawapa Alhamisi. Zuhura alikwenda nao, amejifunga kanga mpya, anatembea katikati ya wakubwa. Mimi Alhamisi nilikuwa siruhusiwi kusogea.

Jumamosi nilipoingia niliona rafu ya kukaushia imejaa kazi za wanawake, zimefunikwa gunia bichi ili zisipasuke. Watoto wenzangu walipita. Nilinyanyua pembe ya gunia. Vilikuwamo vyungu vya Bi Hadija, vinene, vya kujivuna, na pembeni yake kuku wa udongo, na nyuma ya kuku vifaranga wawili wanamkimbilia. Mmoja alikuwa mbele. Mmoja alikuwa amebaki nyuma kidogo, mbawa wazi. Nilikaa nikamtazama mpaka Bibi akapiga makofi. Gunia lilikuwa limeanza kukauka kwa joto la bati. Nikachota maji nikalilowesha, nikawafunika wote watatu, nikaenda kukaa kwenye benchi.